Msingi Usio na Skwea

Tulimzika Fundi Maduhu Jumanne, baada ya mvua ya asubuhi. Kaburi lilikuwa limechimbwa vizuri, kuta zake zimesimama wima kama alivyopenda mwenyewe. Kabla ya kufukia, mmoja wa mafundi aliowafundisha kazi alinishika mkono akaniambia, "Mzee, wewe ndiye uliyekaa naye zamani. Sema neno." Nimesema maneno kwenye makaburi mengi, ukatekista wa zaidi ya miaka thelathini haukuachi bila maneno. Siku hiyo nilifungua mdomo nikasema marehemu alikuwa mtu mwema na mchapakazi, nikamshukuru Mungu, nikakaa. Watu wakaitikia amina. Niliporudi nyumbani kwangu Bariadi nilijua nimemdhulumu, maana jambo nililopaswa kulisema halikuhusu wema wake kwa jumla. Lilihusu mwaka mmoja, mimi nikiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, nilipolijua neno moja hadi mizizi yake huko Roma, na kwa kutolijua zaidi ya hapo nikakikosesha kijiji kizima paa. Niliyoshindwa kuyasema kaburini nayaandika hapa.

Habari za kwetu na za wazazi wangu naziacha. Wao hawana lawama katika haya. Nilikuwa nimetoka chuo cha makatekista na kupangiwa kigango kimoja upande wa Lagangabilili, ambako hapakuwa na ofisi hizi mpya za leo. Tulihesabiwa Mkoa wa Shinyanga bado, na Simiyu kwetu lilikuwa jina la mto. Ilikuwa miaka ya ruksa. Ghala la ushirika lilikuwa limefungwa kufuli, na wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na malori na mizani zao, kila mmoja akidai ya mwenzake imechezewa. Madukani Bariadi kulikuwa na sabuni, saruji na mitumba ya kila rangi. Miaka michache nyuma vitu hivyo tulivisikia tu. Sasa tuliviona, na kuvigusa hatukuweza. Mvua zilikuwa zimekatika mtama ukiwa magotini. "Siku hizi kila kitu ruksa," wanaume walisema kilabuni, na wanawake waliopita na ndoo kichwani waliwajibu bila kusimama, "Hata njaa ruksa!"

Wakristo waliniweka kwa Fundi Maduhu, kwa sababu nyumba yake ilikuwa karibu na kanisa na mke wake, Kabula, hakuwa na maneno mengi. Hilo la pili halikuwa kweli. Nyumba ya Fundi ilikuwa ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu, kona zake kali kama zimekatwa kwa kisu. Jiko lilikuwa nyumba ya msonge, ya udongo na nyasi, aliyoijenga mama yake, aliyekuwa akiishi nao. "Nimejenga shule mbili na duka moja," aliniambia siku ya kwanza, "lakini jiko la mama sithubutu kuligusa." Humo ndimo tulimokula: ugali wa udaga na mlenda, siku nyingine matobolwa peke yake, yale ya viazi vilivyochemshwa kisha kukaushwa, na chai ya rangi isiyo na sukari. Ukutani, mahali ambapo wengine wangetundika kalenda, alitundika skwea yake ya kupimia kona. Alikuwa ameichonga mwenyewe kwa mninga: mikono miwili ya mti iliyokutana, na kipande cha tatu kimekatisha katikati kuizuia isilegee. Ilikuwa nyeusi kwa mafuta ya viganja.

Siku moja, tukila, nilimweleza jina hilo limetoka wapi. Chuoni tulikuwa na padre mzee aliyetufundisha Kiingereza, mtu asiyeweza kuliacha neno lipite bila kuliuliza kwao ni wapi. Kutoka kwake nilijua kwamba square ya Waingereza ilitoka kwa Wafaransa wa kale, nao waliitoa kwenye Kilatini, na ndani yake mna hesabu ya nne. Mraba wetu ulitoka kwa Waarabu, na ndani yake pia mna nne. Jambo hilo lilinifurahisha sana: kwamba watu wasiofahamiana walitazama umbo moja, na wote wakaanza kwa kuhesabu pande zake. Nikamwambia kwamba Waingereza walilinyoosha neno hilo likafika mbali. Uwanja wa katikati ya mji uliozungukwa na majengo wanauita hivyo. Namba ukiizidisha kwa yenyewe, hivyo. Mtu anayetenda haki bila kupinda, hivyo. Hata mlo wa kushibisha wanauita hivyo.

"Mlo nao una kona?" Kabula aliuliza.

"Ndivyo wanavyosema, shemeji."

"Basi haya matobolwa ni duara. Yanazunguka tu tumboni, hayatulii popote."

Fundi alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akanitazama kwa namna ya mtu anayempima mwenziwe. "Nne, umesema?"

"Nne."

"Mimi nikijenga napima mara sita. Mbili zilizobaki ukizijua, njoo uniambie, mdogo wangu."

Nilidhani ananitania. Sikuzitafuta.

Sasa niseme kilichokuwa kinangojewa mwaka huo. Kati ya kijiji chetu na zahanati ya karibu palikuwa na mto ambao kwa miezi minane ni mchanga mtupu, watoto wanachezea mpira ndani yake, na mvua kubwa zikianza haupitiki. Mwaka uliotangulia Kabula alishikwa na uchungu mto umejaa. Walikaa ukingoni tangu asubuhi hadi alasiri wakingoja maji yapungue, na mtoto alizaliwa pale pale, chini ya turubai la kufunikia pamba, na hakulia. Sasa alikuwa mjamzito tena. Na hakuwa peke yake. Katika kila ukoo palikuwa na mwanamke aliyekuwa na habari ya ukingo ule. Kwa hiyo wilaya iliposema kwamba wahisani watatoa mabati na kenchi za paa kwa kijiji kitakachojenga zahanati yake, watu walifyatua tofali huku wamefunga mikanda tumboni. Masharti yalikuwa mepesi kuyaelewa. Jengo lifike lenta, ule mkanda wa juu ya madirisha na milango, kabla ya mvua kubwa. Lifuate ramani, maana kenchi na mabati vilikuwa vimekwisha kukatwa kwa kipimo. Kijiji kikichelewa, au kikijenga vibaya, vifaa vinakwenda kijiji kinachofuata kwenye orodha.

Fundi Maduhu alikwenda Malampaka kupokea saruji iliyokuja kwa treni. Lori alilorudi nalo liliteleza kwenye korongo likalala ubavu. Saruji ilipona. Yeye alivunjika mguu chini ya goti, akaletwa amelazwa juu ya mifuko ile ile, uso umejaa vumbi la kijivu kama mtu aliyekwisha kufa. Mganga wa mifupa alimfunga kwa vijiti na kusema asikanyage hadi atakapoambiwa. Nasi hatukuwa na siku za kungoja mguu.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Jilala, alikuja jikoni kwetu asubuhi iliyofuata. Kofia yake aliivua na kuishika kwa mikono miwili. "Mwalimu," aliniambia, "wazee wetu wote wanajua kupima msonge. Unachimbia mti mmoja, unafunga kamba, unazunguka. Duara halina mahali pa kukosea. Lakini hii ya kona, aliyeijua ni huyu aliyelala. Wewe umesoma hesabu za maumbo. Utupimie."

Ningeweza kusema sijui. Sentensi hiyo ina neno moja tu.

Kabula alitoka nyuma yangu ameibeba skwea ya mumewe. "Shemeji, chukua hii."

"Sihitaji. Pembe naijua."

"Unaijua kichwani. Hii inaijua chini."

Wanaume waliokuwa uani walicheka, nami nikaona haya, na haya ile ndiyo iliyonifanya niiache. Nilichukua futi kamba na kitabu changu cha nyimbo. Nilipima upande mrefu, nikachimbia vigingi. Nilipofika kwenye kona nililaza kitabu cha nyimbo chini, nikanyoosha kamba kufuata ukingo wake, nikaeleza kwa sauti kwamba kila kitabu duniani kina pembe mraba. Watu walipiga makofi. Kitabu kile kilikuwa kimenyeshewa mara mbili, jalada limevimba, na hata kingekuwa kipya, urefu wake ulikuwa kiganja kimoja. Kosa dogo kama punje kwenye kiganja kimoja huwa kubwa ukilivuta hadi mwisho wa jengo. Lakini nilipopima pande zote nne, mbili ndefu zilikuwa sawa na mbili fupi zilikuwa sawa. Nikasema, "Tayari." Wakaanza kuchimba. Ilipofika jioni mawe yalikuwa yameanza kuingia.

Siku ya nne msingi ulikuwa umejaa, na saruji yote iliyotoka Malampaka ilikuwa ndani yake. Nilimpelekea Fundi uji kitandani. Alikunywa kidogo, akafuta mdomo, akauliza, "Ulivuta kamba kona kwa kona?"

Sikuelewa swali. Nilidhani anauliza kama nilinyoosha kamba kutoka kona hii hadi ile inayofuata. Na hata kama ningeelewa, sina hakika ningejibu vingine, kwa jinsi nilivyokuwa nikitamani kusifiwa na mtu yule. "Ndiyo," nilisema.

"Zikalingana?"

"Zililingana."

"Wabeja," alisema, yaani asante, akafumba macho. Nikatoka na bakuli, na katikati ya uani swali lake likanifikia. Kona kwa kona. Kukatisha. Mara mbili. Nne na mbili ni sita.

Kesho yake kulipopambazuka, kabla ya wanawake kwenda kisimani, nilikwenda msingini peke yangu na kamba. Nilivuta kutoka kona ya mwembe mchanga hadi kona ya njia, nikafunga fundo. Nikavuta ile nyingine. Fundo lilipita kona likaanguka kwenye nyasi, mbali na jiwe la mwisho kwa hatua nzima na unyayo. Nilirudia. Nilirudia mara ya tatu nikiwa nimepiga magoti. Jengo langu lilikuwa na pande zinazolingana na halikuwa mraba wa aina yoyote. Lilikuwa limeegemea upande, kama kiberiti kilichokaliwa. Nilikunja kamba nikarudi nyumbani, na Kabula akaniuliza mbona magoti yangu yana udongo. Nilimwambia nimetoka kusali.

Nimewafundisha watu wengi juu ya dhambi, na mara nyingi vijana huniuliza jinsi mtu mwenye imani anavyoweza kukaa na uongo. Ninawaambia kwamba hukai nao, unautumikia. Wiki sita niliutumikia. Kila kozi ya tofali iliyopanda ilikuwa ni siku moja zaidi ya kuomba radhi, na kila siku radhi hiyo ilizidi kuwa nzito kuinyanyua. Wanawake walibeba maji ya udongo kutoka kisimani, mwendo wa nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, wakila mlo mmoja kwa siku. Nilisimama nikiwaangalia wakimwaga maji yale na nilijua kuwa wanayamwaga bure. Nilisali mvua zichelewe. Nikasali ziwahi, zituvunjie kazi ili kosa liwe la mvua. Nilisali mhandisi wa wilaya augue. Sala za namna hiyo nazikumbuka kuliko nzuri nilizosali tangu hapo. Kila siku mchana nilikwenda kumwambia Fundi tumefika wapi, naye alinifundisha kwa mdomo jinsi ya kutumia timazi na pima maji, akichora kwa kidole kwenye blanketi. Kuta zangu zilikuwa wima kabisa. Zilisimama wima mahali pasipo pake.

Lori la pamba lilipita mara moja kwa wiki kwenda Bariadi. Mara mbili nilifunga nguo zangu ndani ya shuka.

Kuta zilipofika usawa wa madirisha, Kabula alikuja kuangalia. Tumbo lilikuwa limeshuka. Aliingia kwenye chumba cha mwisho, kile cha wazazi, akasimama kwenye kona, akaweka kiganja ukutani. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta, hanioni, na alikuwa akizungumza na mama mkwe wake.

"Nitazalia hapa," alisema. "Kichwa huku, miguu mlangoni, ili niwatukane wote wanaopita."

"Ulisema utakwenda kwa dada yako Nassa kabla ya mvua."

"Nimemtumia habari asinisubiri. Nifuate nini Nassa na zahanati hii hapa? Mume wangu ana mguu mmoja, nimwache na nani? Mwalimu anasema mwezi huu tunapiga lenta."

Mwalimu alikuwa amesema hivyo. Nassa palikuwa na kituo cha afya umbali wa kutupa jiwe kutoka kwa dada yake, na hapakuwa na mto wa kuvuka. Niliiacha pima maji juu ya ukuta. Kisha nikaenda moja kwa moja kwa Fundi, kwa sababu nilijua nikisimama hata kunawa uso sitakwenda.

Alikuwa amekaa kitandani akichonga gongo la kutembelea. Nilimwambia yote: kitabu cha nyimbo, kamba, hatua na unyayo, wiki sita. Aliendelea kuchonga kwa muda mrefu. Maganda ya mti yalianguka juu ya blanketi.

"Hatua na unyayo," alisema mwishowe. "Unyayo wa nani?"

"Wangu."

"Una miguu mirefu wewe." Akaweka kisu chini. "Kabula anajua?"

"Hajui."

"Mwite. Na waite watu wanne wenye nguvu."

Walimbeba na kitanda chake, kwa mchana ule wenye jua kali, watu wakitoka majumbani wakidhani ni maiti. Aliwaambia wakizungushe kitanda jengo lote. Alitazama kona moja moja kwa jicho moja akiwa amefumba lingine, na hakuhitaji kamba. Aliagiza ivutwe ili wengine waone. Kabula alishika ncha moja, Mzee Jilala ncha nyingine. Fundo lilipoanguka nje ya kona, niliwasikia wanawake wakitua ndoo chini, moja baada ya nyingine.

"Mabati hayajui kuinama," Fundi aliwaeleza. "Kule yatazidi, huku yatapungua, na maji yataingilia hapo. Ukuta mmoja mrefu nitautumia. Kuta tatu zishuke, na msingi wake."

Walikutana chini ya utaratibu wa jadi, dagashida, watu wote wamekaa mduara kwenye uwanja mkavu, nami katikati. Nikazunguka nikatafuta mahali pa kuweka macho, na kwenye duara hakuna mahali. Popote unapogeuka, mtu anakutazama. Bibi mmoja aliyekuwa akinipa maziwa kila Jumapili alisimama. "Kichwa changu kimebeba maji ya kuta zile mara ngapi, mwalimu? Nihesabie. Nihesabie kwa Kilatini." Watu walicheka, na kicheko kile kiliniumiza kuliko matusi. Kijana mmoja akataka nipigwe viboko. Mzee Jilala akasema lawama ni yake pia, yeye ndiye aliyeniomba. Na Fundi, kutoka kitandani, akasema, "Mimi nilimwuliza maswali mawili nikalala. Ningemwuliza la tatu asingeweza kujibu." Wazee walinong'ona. Hukumu ikatoka: nibomoe kwa mikono yangu, tofali nisivunje, kila moja nilisafishe udongo hadi liwe kama limetoka tanuruni. Na mpaka tofali la mwisho lisafishwe, nisisemeshwe na mtu. Atakayenisemesha atatoa ng'ombe.

Mhandisi alikuja wiki hiyo. Alikuwa mtu mpole. Wazee walimwambia wenyewe kabla hajapima, naye alipima, akatikisa kichwa, akasema angependa kutusaidia lakini orodha si yake. Mabati yalipita kijijini kwetu juu ya lori, yakimetameta, kwenda kwa wenzetu. Watoto waliyakimbilia wakishangilia, hawakujua. Kesho yake Kabula alipandishwa kwenye lori la pamba, amekalia gunia, na shuka na beseni pembeni, kwenda Nassa. Alipita mbele yangu bila kusema, kwa maana hakuwa na ng'ombe wa kutoa, lakini alinitazama kwa muda ambao si wa kawaida, na mpaka leo sijui alikuwa akinilaani au vipi.

Nilibomoa. Nilikwangua tofali kwa panga butu, mia baada ya mia, mikono ikapasuka. Chakula kiliwekwa mlangoni pangu. Mama yake Fundi alikitua chini, akagonga mara moja, akaondoka. Ibada ya Jumapili niliiongoza, kwa kuwa wazee walisema maneno ya Mungu si mazungumzo, na watu walimwitikia Mungu, mimi hawakuniitikia. Mtu asiyewahi kunyamaziwa na kijiji hawezi kujua jinsi sauti ya kuku inavyokuwa kubwa. Miaka mingi baadaye, mwanangu aliniletea kamusi kubwa ya Kiingereza, ile inayoeleza maneno yalikozaliwa, na neno la kwanza nililolitafuta mnalijua. Padre wetu hakutudanganya. Nne imo ndani yake. Lakini kamusi ilisema zaidi. Ilisema Waingereza walipolipokea neno hilo mara ya kwanza, halikuwa jina la umbo. Lilikuwa jina la chombo, ile mikono miwili ya fundi. Umbo lilikuja kuitwa hivyo baadaye, kwa sababu chombo kilikuwa kimelipima. Nilifunga kamusi. Namshukuru Mungu kwamba alinifundisha hilo mapema kuliko kamusi, ingawa ada yake nililipiwa na watu wengine.

Mvua kubwa zilianza nikiwa nimemaliza kuta mbili. Mto ulijaa kwa siku moja. Fundi alikuwa ameanza kutembea kwa gongo, na kila siku alikuja akakaa juu ya kigoda, chini ya kibanda cha nyasi walichomjengea kando ya msingi, akiniangalia nikikwangua. Hakusema. Mara nyingine alikohoa nilipoliacha tofali na udongo kwenye mshono, nami nikalirudia.

Asubuhi moja, kwenye manyunyu, nilimwona mwanamke mmoja muuza dagaa akija kutoka barabarani, gauni limelowa hadi magotini. Wauza dagaa wa ziwani ndio waliokuwa wakitubebea habari za upande wa Nassa. Alimwita kwa mbali, "Mwangaluka, Fundi!" naye akaitikia. Kisha yule mama akasogea kibandani, akainama, akazungumza karibu na sikio lake. Nilikuwa mbali, na mvua ilikuwa ikipiga nyasi. Sikusikia hata neno. Nilimwona Fundi akiinamisha kichwa. Nilimwona akifunika uso kwa viganja viwili, mabega yakitikisika. Yule mama alimgusa bega, akatwika beseni lake, akaendelea na njia.

Sikuweza kuuliza. Na kama ningeuliza, asingeweza kunijibu. Nilisimama na panga mkononi nikijua kwamba mtoto huyu naye hakulia, au kwamba Kabula hayupo, na kwamba safari yake ya kwenda Nassa ilichelewa, na kwamba wiki sita zile nilizonyamaza ndizo zilizoichelewesha. Nilitamani wanipige. Nilitamani ukuta uliobaki uniangukie.

Fundi aliinuka. Alikuja akichechemea kwenye matope, gongo likizama kila hatua, akapita karibu yangu bila kunitazama, akafika kwenye lundo la matofali ambayo sikuwa nimeyasafisha. Akachagua moja. Akalinyanyua usawa wa uso wake, akalifuta maji kwa kiganja, akalisemesha kwa sauti kubwa, kama mtu anayezungumza na kiziwi.

"Wewe tofali, sikiliza. Kabula amejifungua. Mtoto wa kike. Wote wawili wazima." Akaligeuza upande wa pili. "Alifika Nassa siku tisa kabla. Angekuwa hapa, angekuwa ukingoni tena. Na wewe tofali ujue, aliondoka kwa sababu aliambiwa ukweli. Alichelewa kuambiwa, lakini aliambiwa."

Akaliweka miguuni pangu, upande wa yale ambayo bado, akarudi kwenye kigoda chake. Nililiokota. Lilikuwa na udongo pande zote, nami nikaanza kulikwangua.